Bustani Inayokaguliwa Usiku

Bustani njema ya pwani hukaguliwa usiku. Mgeni akipita uani mchana ataona kichaka cha majani ya kawaida, mkadi wenye miba uliojishikiza kwa mizizi yake ya juujuu, na mti mmoja wa matawi yaliyoinama, wenye maua ya kijani yaliyolegea ambayo asiyeyajua huyadhania majani yaliyopigwa na jua. Pengine atasema moyoni kwamba mwenye nyumba hii hana habari na maua. Na arudi baada ya sala ya isha, upepo umetulia na jiko limezimwa. Harufu itamkuta mlangoni, hajavua viatu.

Nataka kuusifu ufundi huo wa kupanda kwa ajili ya pua. Vitabu vingi vya bustani huzungumza na jicho tu: hupanga rangi, hupima urefu, hutaja mwezi ambao tuta litajaa wekundu au manjano. Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na visiwa vya Komoro, akina mama wa zamani walifuata njia nyingine. Walilima saa. Hawakutafuta ua la kutazamwa wiki nzima. Walitaka ua litakalofunguka usiku huu, kwa wakati unaojulikana, likaisha asubuhi. Kila kazi nyingine, tangu kukata tawi hadi kumwagilia, ilipangwa kwa kurudi nyuma kutoka saa ile moja. Huo ni ujuzi mkubwa, na kwa kuwa ulikaa uani, mikononi mwa wanawake, hautajwi sana watu wanapohesabu maarifa ya pwani. Husifiwa jahazi, husifiwa mlango wa nakshi, husifiwa utenzi. Mwasumini hupitwa.

Sina ugomvi na maua ya jicho. Bogenvilia iliyofunika ukuta mweupe wakati wa kaskazi ni jambo la kushukuriwa. Mmea huo ni wa Amerika ya Kusini. Mfaransa Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea, aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767 akiwa katika msafara wa nahodha Bougainville, ambaye mmea huo ulipewa jina lake, na tangu hapo umeenea dunia nzima ya joto. Umeenea kwa kuwa ni mvumilivu. Ukiusahau unachanua, ukiunyima maji unachanua zaidi. Mwasumini haukubali kusahauliwa. Uache msimu mmoja bila kuushughulikia, nao utageuka kamba ndefu za majani na maua mawili matatu ya kukupoza moyo. Ndiyo maana wingi wa asumini katika nyumba ulisema jambo juu ya watu wa nyumba hiyo.

Asumini ninayoizungumzia ni ile ambayo wataalamu huiita Jasminum sambac. Asili yake ni Asia ya Kusini, na ilifika pwani yetu kwa njia ileile iliyoleta mengi mengine, njia ya vyombo vya pepo za msimu. Iko ya tabaka moja ya petali, nyepesi, yenye harufu inayokwenda mbali. Na iko ya tabaka nyingi, iliyojaa na kujikunja. Hii ya pili haizai mbegu, na hata ile ya kwanza huku kwetu hupandwa kwa tawi. Basi fikiri maana yake. Mwasumini ulioko leo Mji Mkongwe wa Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa ulikatwa kutoka mwasumini mwingine, na huo kutoka mwingine, kurudi hadi kwenye mche ulioshuka chomboni. Hakuna upepo uliopeperusha mbegu, wala ndege aliyeusambaza. Ni mikono tu. Jirani alimwomba jirani, mama alimpa binti anayeolewa mtaa wa mbali, shangazi alipanda daladala na kopo mapajani. Kizazi kimoja kikichoka, mnyororo umekatika.

Wako waliotaka kuukata kwa makusudi. Mwishoni mwa karne ya 17 Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana huko Italia, alipata asumini ya tabaka nyingi iliyotoka Goa, akaiwekea chumba maalumu katika bustani yake ya Castello, nje ya Florence, na akaibana isitoke mikononi mwake. Aina hiyo hadi leo inaitwa kwa cheo chake. Mmea uliofungiwa na mtawala unastawi leo ndani ya kopo la rangi kwenye vibaraza vya ghorofani, na mwenye kopo, ukimwomba tawi, atakukatia mawili, moja la akiba.

Tawi lenyewe lina masharti. Chagua lililoanza kukomaa, gumu kiasi cha kupinda bila kuvunjika, lisilo na ua. Kata urefu wa shubiri, chini kidogo ya kifundo, kwa kuwa mizizi hupenda kutokea hapo. Ondoa majani ya chini, acha machache ya juu. Mchanga uliochanganywa na mboji ndio udongo wa kuanzia. Mchanga wa ufukweni haufai mpaka uoshwe chumvi kwa maji mengi. Weka kivulini, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ili unyevu usikimbie, na usilivutevute kila siku kutaka kujua kama limeshika. Litajisema lenyewe kwa jani jipya baada ya wiki kadhaa. Wasiopenda kubahatisha wana njia yao: huinamisha tawi refu likiwa bado kwenye mama yake, wakalikwaruza ganda kidogo chini ya kifundo, wakalifukia na kuweka jiwe juu. Mama hulilisha mpaka lipate mizizi yake, ndipo linatengwa. Naipenda njia hii kuliko zote. Tawi likikataa, hakuna kilichopotea.

Baada ya hapo jambo la kwanza ni jua. Watu huuonea huruma mmea wenye ua jeupe na laini, wakauweka barazani penye kivuli, na huko huvuna majani ya kupendeza. Mwasumini hutaka jua la nusu siku au zaidi. Harufu ni mali, na mmea hauwezi kutoa mali usiyokuwa nayo. Sukari iliyotengenezwa na majani mchana ndiyo inayolipia harufu ya usiku.

Jambo la pili ni kisu, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Asumini hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya. Tawi lililokwisha kuchanua lisipokatwa hubaki limesimama, limechoka. Likikatwa huchipua pembeni, na kila chipukizi huleta matumba yake, mara nyingi matatu pamoja. Anayeogopa kukata huishia na kichaka kikubwa chenye maua machache juu kabisa, ambako mkono haufiki. Mikono iliyozoea hupogoa kila baada ya wimbi la maua, huondoa vitawi vikavu vya ndani ili hewa ipite, huweka samadi iliyooza vizuri, hutia maji. Baada ya mwezi na nusu hivi au miwili, joto likiwapo, wimbi jingine linakuja.

Na hapo ndipo inapoingia kalenda, tena kalenda mbili. Mwasumini hufuata jua: hutoa sana baada ya mvua za vuli na katika kaskazi, na hupunguza kasi wakati wa kipupwe. Harusi za Waislamu wa pwani hufuata mwezi. Shaabani, ambamo harusi huwa nyingi kwa kuwa Ramadhani iko mlangoni, husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa jua, na katika miaka kama 33 huwa umepita katika majira yote. Miaka hii Shaabani imo katika kaskazi na asumini ni tele. Zamu ikifika ya kuangukia Julai, mwenye bustani atalazimika kupogoa mapema zaidi, kusogeza makopo kwenye ukuta unaohifadhi joto la mchana, na kuwa na vichaka viwili badala ya kimoja. Mwanamke aliyelea asumini kwa mzunguko mzima wa namna hiyo ana elimu ya majira ambayo sijaikuta katika kitabu chochote.

Udongo wetu ni mtihani wa peke yake. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni mawe ya matumbawe ya kale, yenye udongo mchache katikati ya nyufa, na udongo huo umejaa chokaa. Penye chokaa nyingi mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Mtu huona manjano, akadhani ni kiu, akaongeza maji. Au akadhani ni njaa, akatupia jivu la jikoni. Jivu ni zuri kwenye udongo mchachu, lakini hapa huzidisha lile lililokwisha kuzidi. Kinachosaidia ni kuchimba shimo kubwa na kulijaza mboji ya majani, samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka ikapoteza harufu, na makumbi ya nazi yaliyooza, kisha kuendelea kuongeza kila msimu, maana jiwe la chini haliishi chokaa. Wenye udongo mwekundu wa upande wa magharibi, kwenye mikarafuu, hawaijui taabu hii.

Maji nayo. Kiangazi kikikaza, visima vya karibu na bahari hukolea chumvi, na chumvi hujionyesha kwenye kingo za majani, zinazoungua na kuwa kahawia. Maji ya mvua yaliyokingwa pipani ni hazina, na mwenye pipa moja huliwekea mwasumini kabla ya mti mwingine wowote. Mkadi hauna wasiwasi na chumvi. Mwagilia asubuhi, tena shinani. Tumba lililoloweshwa jioni huchafuka rangi kabla ya isha.

Juu ya wadudu nitasema moja tu. Ukiona vidung'ata weupe wametanda kwenye vifundo, shughulika kwanza na sisimizi. Sisimizi ndio wanaowalinda na kuwahamisha tawi hadi tawi kwa ajili ya utomvu mtamu wanaoutoa, na ukiwazuia kupanda mtini nusu ya kazi imekwisha. Iliyobaki ni maji ya sabuni, au majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa. Dawa kali za dukani sizipendi kabisa kwa mmea huu. Ua hili huvaliwa kichwani, huwekwa kwenye mto wa kulalia, hubanwa kifuani mwa mama ambaye huenda ananyonyesha.

Sasa saa yenyewe. Tumba la asumini hukomaa mchana kutwa, likinenepa na kutoka katika ukijani hadi weupe wa maziwa. Baina ya alasiri na magharibi, mtu anayejua hupita na kikapu kidogo akichuma matumba yaliyojaa ambayo bado yamefumba. Ya kesho huyaacha. Tofauti ya la leo na la kesho ni ndogo mno, iko katika unene wa ncha na weupe wa shingo, na vidole huijua kabla ya macho. Ukichuma mapema mno halitafunguka. Ukichelewa, limekwisha kufunguka kichakani na sindano italijeruhi. Ukilipata kwa wakati wake, litafunguka lenyewe siniani au uzini, kati ya magharibi na isha, na harufu ndiyo kwanza inaanza. Ndiyo maana mnunuzi mbele ya sinia la asumini haulizi zimetoka shamba gani. Huuliza, "Mama, za leo hizi?" Na muuzaji mwenye kujiheshimu huinua uzi mmoja akamwonyesha matumba yaliyofumba.

Katika hili asumini ina tabia ambayo mafundi wa manukato waliichunguza sana. Maua mengi yakikatwa hutoa harufu iliyokwishakuwamo, basi. Asumini huendelea kuitengeneza kwa saa nyingi baada ya kuachana na mti. Huko Grasse, Ufaransa, walijenga kazi nzima juu ya jambo hilo kwa asumini ya aina jirani: walilaza maua juu ya mafuta ya mnyama yaliyopakwa kwenye vioo, wakayabadilisha kwa maua mapya siku baada ya siku, mpaka mafuta yakashiba harufu. Fuzhou, China, huchuma matumba mchana, huyachanganya na majani ya chai usiku yanapofunguka, kisha huyatenga. Chai imekwisha kuchukua chake. Wanaume wa Tunisia hubandika sikioni kishada cha matumba yaliyofungwa juu ya vijiti vya nyasi kavu. Akina mama wa hapa waliofunika asumini ndani ya mafuta ya nazi, au wakazitandaza katikati ya nguo za sandukuni, walifanya kazi hiyohiyo kwa bakuli na kawa.

Visiwa vya Unguja na Pemba vilikuwa pia na sababu yao ya kulielewa tumba. Karafuu ni tumba. Huchumwa kabla haijachanua, ikianza kuona wekundu, na ikiachwa ikafunguka thamani yake imeshuka. Tangu mikarafuu ilipoenea huko katika karne ya 19, kwanza kwa jasho la watumwa, kizazi baada ya kizazi kimejifunza kusoma tumba kikiwa juu ya mti. Msichana aliyeshinda mikarafuuni na kuchuma asumini jioni alitumia jicho lilelile mara mbili kwa siku.

Asumini peke yake hutungwa uzini ikawa shada la nywele au koja la shingoni. Lakini kilele cha ufundi ni kikuba, kile kifungu kidogo cha maua na majani kinachobanwa kwenye nguo au kwenye nywele. Humo huwamo asumini, mrihani, vipande vya ua la mkadi, petali za waridi, na langilangi au kilua vikipatikana. Kila kimoja kina zamu yake. Mrihani hutangulia, harufu yake ya majani hutoka mara tu unapoguswa. Asumini hushika usiku. Mkadi hubaki hadi kesho yake, vingine vikiwa vimenyauka. Ukikijua kikuba utaelewa bustani: kilichopandwa uani ni viungo vyake, kila kimoja mahali kinapoweza kuishi, na ndiyo maana mgeni wa mchana aliona vurugu.

Mrihani ni mwepesi. Mwaga mbegu, kata vichwa vya maua kabla havijakomaa, panda upya kila baada ya miezi michache kwa kuwa mrihani mkongwe hugeuka kuni. Mkadi ni wa subira. Mti dume na mti jike ni mbalimbali, na dume ndilo litoalo ua la harufu, lile shuke lililofunikwa na majani meupe marefu. Jike huzaa matunda magumu ambayo kikuba hakiyahitaji. Kwa hiyo anayetaka harufu hapandi mkadi kwa mbegu. Huomba chipukizi kutoka kwa mti unaojulikana, akalipanda, akasubiri miaka. Mara nyingi anayekata ua la kwanza ni mkamwana, na aliyepanda amekwisha kuzeeka akiwa kitandani anasubiri kuletewa kipande.

Mlangilangi ni kinyume chake. Una haraka, ukiuacha utalipita paa, na maua yake yote yatakuwa ya ndege. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, ni jamaa wa mtopetope na mstafeli, na anayezishika petali zake nene atauona udugu. Mabingwa wake ni Wakomoro. Kisiwani Nzuani miti hukatwa kichwa ingali mifupi, matawi yakainamishwa na kuenea kando, ili mwanamke aliyesimama chini ayafikie maua yote. Huchumwa mapema asubuhi, harufu ya usiku ikiwa bado imo, na kwa ishara moja: petali zimekuwa njano na doa jekundu limetokea ndani, kwenye kitako cha ua. La kijani huachwa. Komoro imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya langilangi duniani, na langilangi na asumini zote mbili zimo ndani ya Chanel No. 5, manukato yaliyotoka Paris mwaka 1921. Nalitaja hilo kwa sababu moja. Pua iliyopanga kikuba na pua iliyopanga chupa ile zilichagua vitu vilevile, na ya kwanza haikuwa na maabara.

Mkilua nimeuweka mwisho kwa kuwa huu ni wetu. Ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika kisayansi mwaka 1970 aliuweka katika jenasi ya peke yake, na jina alilolichukua ndilo walilokuwa nalo wenyeji: Mkilua fragrans. Jenasi hiyo ina spishi moja tu, hii. Wanawake wa pwani walikuwa wakiyatumia maua yake kujifukiza na kujipamba kabla hajatokea mtu wa kuyapima petali. Kwa kuwa ni mti wa chini ya miti mingine, unavumilia kivuli chepesi kinachoushinda mwasumini. Misitu ulimotoka imebaki vipande vipande, na ua wenye mkilua ni kipande kimoja zaidi.

Kupanda si nusu ya kazi kama hujajua mahali. Adui mkubwa wa harufu ni upepo. Kusi likivuma usiku, kichaka kilichojaa maua kitachukuliwa harufu yote hadi kwa jirani wa tatu, na mwenyewe asipate kitu. Wajenzi wa nyumba za mawe walilijua hili. Nyumba za Lamu zina kiwanda, yaani ua wa ndani, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina ua katikati; kuta huzuia upepo, mawe yaliyokunywa jua huachia joto polepole, joto hupandisha harufu na hewa nzito yenye unyevu huituliza palepale. Anayepanda leo kwenye kiwanja kilicho wazi ajitengenezee hali hiyo. Apande karibu na pembe ya kuta mbili, chini ya dirisha la chumba cha kulala, upande ambao upepo wa usiku unatoka kuelekea nyumba. Tena asiweke kila kitu mahali pamoja. Langilangi ina nguvu. Iwe mbali, kona ya mwisho ya ua. Asumini iwe dirishani. Mrihani uwe njiani, mahali kanga itaugusa mtu anapopita.

Naona nyua nyingi zikitandikwa matofali ya saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Husemwa majani ni uchafu, mwasumini unaleta mbu, mkadi una miba. Kitanda cha biharusi kinamwagiwa petali za kitambaa zilizotoka kontenani, kisha zinapulizwa manukato ya kopo. Naumia kuona hivyo, na siumii kwa ajili ya ukale. Manukato ya kopo hutoa harufu moja tangu saa mbili usiku mpaka yanapoisha. Asumini ya saa mbili si asumini ya saa sita, na ya alfajiri ni nyingine kabisa, imepoa, imeingia utamu wa majani ya chai. Walioolewa juu ya kitanda cha asumini walikuwa na saa za usiku ule kwenye pua zao. Mtu aliyenyimwa hilo hajui alichonyimwa, na hapo ndipo ufundi unapokufa, bila kilio.

Hata hivyo mwasumini hauhitaji kiwanja. Kopo la lita kumi lililotobolewa chini latosha, likiwekwa mahali pa kupata jua la asubuhi hadi adhuhuri. Anza masika yakikatika, mvua ingali inapita pita na jua halijawa kali. Kata tawi lako, au la jirani yako kwa idhini yake, na mwaka wa kwanza lipogoe hata kama roho inauma, ili liwe na vichwa vingi. Mbegu za mrihani zipo sokoni. Chipukizi la mkadi dume litakulazimu kumfuata mtu mwenye mti uliokwisha kutoa ua, mkakubaliane. Mlangilangi uombe kwa mwenye nafasi, au upande kama una nafasi na kisu unakiweza. Mkilua ndio mgumu. Vitalu vya kando ya barabara vimejaa bogenvilia na minazi mifupi ya mapambo. Ukiutaja utaambiwa hakuna, pengine utaulizwa ni mti gani huo. Eleza, acha namba ya simu, na mwezi ujao upite tena uulize. Mwenye kitalu huotesha kile wateja wanachokiulizia.